Bao Linalokwenda Pwani

Mwanangu Salimu,

Salamu tumepeana kutwa nzima, wewe ukifunga mzigo na mimi nikiufungua niongeze kitu, kwa hiyo sizirudii hapa. Wala sitaandika habari za kula kwa wakati, kufua kanzu na kuswali. Hayo nimekuambia tangu ulipoanza kutembea, na kama hayajaingia, kalamu haitayaingiza. Nakuandikia kwa herufi za chuoni, zile alizonifunza mjomba wangu Mombasa, maana hizi zenu za skuli mkono wangu unazikataa. Soma polepole. Ukiona wino umetanda mahali, ni kibatari hiki kinachonitoa machozi kwa moshi wake. Kulia kwenyewe nililia jana nikamaliza.

Kesho alfajiri utapanda lori la kwenda Kibwezi kwa njia ya Mutomo, na Kibwezi utapanda gari la moshi mpaka Mombasa, mji niliozaliwa mimi. Unakwenda kwa fundi asiyekujua. Alimtuma dereva wa lori atuletee maneno yake, na dereva aliyasema hapa mlangoni, hata kikombe cha maji hajamaliza: "Amesema kijana akuje na bao moja ya mkono yake mwenyewe. Akiiona, atajua kama ni fundi ama ni mtu wa kurudi kwao." Basi safari yako yote imo ndani ya bao lile ulilolifunga kwa gunia. Likimpendeza, utakaa huko, utaoa huko, nami nitakuwa mtu wa kutembelewa. Lisipompendeza, utakuwa umerudi kabla mvua hazijaanza. Nami nikuambie ukweli mapema, nisije nikazunguka mpaka wino ukaisha. Nilitaka lisimpendeze.

Usiikunje karatasi kwa hasira. Keti usome. Lazima nianzie kwa baba yako, kwa sababu kazi hii ilikuwa yake kabla haijawa yako.

Unajua kwamba baba yako Yusufu kwao Nzaui, Ukambani, aliitwa Musyoka, na kwamba alifika pwani wakati wa vita vya Mjerumani, mbeba mizigo, miguu imevimba kama magogo. Alipopona hakurudi. Alikaa kwenye kibaraza cha mchongaji jirani yetu, akajifunza kuchonga kwa kutazama, akajifunza bao kwa kutazama, na mimi pia alinipata kwa kutazama, maana kusema alikuwa hajui. Siku aliyokuja kuposa alimwambia baba yangu, "Mimi nataka hii msichana." Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha akamuuliza kama yuko tayari kusilimu. Nikaletwa huku Kitui, nyumba hii hii, mtaa huu wa Waswahili wachache, na nje ya mtaa lugha nisiyoijua hata neno moja.

Bao lake la kwanza hapa alilichimba mashimo marefu. Alidhani shimo refu linaonyesha kazi. Alilinunua Mzee Kilonzo wa Zombe, yule mfanyabiashara aliyekuwa na punda, ambaye bao alilijua kutoka kwa watu wa misafara ya zamani. Haukupita muda, punda akalirudisha.

"Fundi," mzee akasema, "hii shimo umechimba ya bao ama ya kuzika mtu? Nikiingiza mkono, hata mimi sijui nimetoa kete ngapi. Na yule mwenzangu naye anasema nimeiba!"

Baba yako uso ulimshuka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kicheko kimenibana mbavu. Mzee alipoondoka nilileta upawa kutoka jikoni nikamwekea mapajani, nikamwambia atazame ndani yake. Shimo la bao liwe na tumbo la upawa. Kete zikiangushwa zijikusanye zenyewe katikati, na vidole vizizoe kwa mara moja bila kukwaruza ukuta. Na lisizidi kina cha pingili moja ya kidole, ili mtu aone kila kete kutoka pale alipoketi, hata jua likiwa upande mmoja. Alitazama upawa ule mpaka ugali ukaungua. Tangu siku ile hakuchimba kaburi tena.

Usidhani nakuhadithia haya nijisifu. Yangu yalikuwa mabaya zaidi, ila baba yako hakuwahi kuyatangaza.

Kete zilikuwa kazi yangu. Mwanzoni hatukuwa na komwe, zile mbegu ngumu za kwetu pwani, basi nikaokota vijiwe vya mto Kalundu, vilaini, vizuri kwa macho. Jiwe linaila mbao. Baada ya muda kila shimo lilikuwa na unga chini yake, na asubuhi za baridi wazee walikuwa wakipuliza vidole kabla ya kucheza. Halafu jiwe moja zito na lingine jepesi, na mchezaji wa kweli hahesabu kwa macho, anahesabu kwa uzito wa ngumi. Ukimpa kete zisizolingana umemdanganya kwenye mkono wake mwenyewe. Ndipo nikaandika nyumbani niletewe komwe, nikafumba macho nikazichagua moja moja kiganjani, iliyo nzito huku na iliyo nyepesi huku, mpaka nikapata zinazolingana. Wewe ulizijua kazi hizo ukiwa bado unatambaa. Nyingine ulizimeza, zikatoka, nikaziosha.

Lakini nikaona hazing'ari. Nikazipaka mafuta ya mbarika, nikazisugua kwa kitambaa mpaka zikawa kama macho ya mbuzi, na nikazipeleka Zombe pamoja na bao jipya alilochongewa Mzee Kilonzo badala ya lile la kwanza. Siku ya kwanza ya mchezo kete moja ilimponyoka kwenye ngumi, ikaangukia shimo la jirani, na hakuna aliyeweza kuapa lilikuwa na ngapi kabla. Wazee wawili waliokuwa wakila sahani moja wakakosana. Lawama zote zikaja kwa baba yako, kwamba bao lake lina mkosi. Alipokea. Hakusema, "Ni mke wangu." Mimi nilizichukua zile komwe nikaziosha kwa majivu, nikazianika, zikapata tena ule ukavu kama wa ngozi ya mtu. Kete inatakiwa ikushike kidogo kabla hujaiacha. Wasiocheza hawalijui hilo, na huko uendako wengi wa wanunuzi hawatacheza.

Hilo nalo nilisemee hapa hapa. Fundi wako anawauzia watu wa meli. Watataka bao la kutundika ukutani, lenye maua, lenye vishaba, dogo la kuingia kwenye kasha la nguo. Wachongee, usiwadharau, ni riziki. Ila kumbuka lile bao la chifu wa upande wa Mutomo. Baba yako alilipamba kingo zote kwa maua kama mlango wa tajiri. Mkono wa koti la chifu ukawa unanasa kwenye maua, kifundo cha mkono kikachubuka, na kingo zikamficha mwenzake mashimo ya karibu. Tulipopita kule baadaye tulikuta vifaranga wanakunywa maji ndani yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maua yaweke vichwani mwa bao, pale ambapo hakuna mkono unaopita. Pale panapolala mkono, paache patupu, palaini, pa chini.

Na ile nyumba ya bao, lile shimo la mraba, usimwachie mtu akushawishi ulifanye la mviringo ili yafanane yote. Ni la mraba ili kidole kilijue bila jicho kuuliza.

Sasa nikupe moja la kunicheka. Miaka yetu ya kwanza hapa, baba yako alichonga bao la nyumbani, la kucheza sisi wawili baada ya isha. Alipima kila kitu kwa mwili wake, na mwili wake ulikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera. Nilishindwa kila siku. Alianza kunihurumia, na huruma ile iliniuma kuliko kushindwa. Kumbe shimo la mwisho lilikuwa mbali na mkono wangu. Kila nilipolifikia niliinuka kwenye mkeka, na nikiinuka hesabu inaanguka. Siku moja akaniona ninavyoinuka. Alikwenda kutafuta gogo la mti wa mukau, akachonga bao fupi kwa urefu wa mikono yangu, mashimo yakiwa yamesogeleana bila kubanana. Nikamfunga siku hiyo hiyo. Alinuna mpaka kesho yake magharibi, na mimi nilipika pilau.

Bao hilo ndilo lililonikalisha Kitui, Salimu. Nilikuwa mgeni, kwetu mbali, wanawake wa jirani wakinisalimia najibu kinyume, wanacheka. Mchana ulikuwa mrefu kweli. Lakini jioni kulikuwa na mtu mbele yangu upande wa pili, anafikiri nitakachofanya. Sijui kama umewahi kufikiria jambo hilo. Watu wengi hukaa nawe nyumba moja na hawafikirii utafanya nini. Anayecheza bao nawe hana la kufanya ila kukufikiria.

Alipofariki nilijaribu kucheza pande zote mbili. Usijaribu. Unajua kila unachokusudia, na hakuna mtu wa kumshangaza. Nikaligeuza bao kifudifudi likawa linakaliwa na paka. Wewe ndiwe uliyemfukuza paka, ukaliinua, ukaketi upande wa baba yako bila kuniomba, ukapanga kete vibaya. Nilikuonea hasira kwa kukaa pale. Kisha nikacheza. Tumecheza tangu siku hiyo, na wewe sasa unanifunga, na unajidai, na kesho jioni mkeka utakuwa na mimi tu. Naogopa. Nimeandika neno hilo nikalitazama, na sitalifuta.

Basi nije kwenye bao lako.

Ni bao zuri. Tumbo la mashimo ni la upawa, kingo ni za chini, mukau wake umeukausha juu ya jiko kama inavyotakiwa. Ila wewe ulitaka uongeze lako, na una haki, kila fundi anaongeza lake. Ukakitengeneza kile kisanduku cha kete kinachosukumwa ndani ya bao kutoka ubavuni, ili kete zisipotee njiani. Wazo zuri. Baba yako angelipenda. Ulipokimaliza ulituita uani, ukakisukuma mbele yetu, na kikaingia polepole kikishusha pumzi, kwa jinsi kilivyobana. Mama Mwende wa jirani alipiga makofi.

"Asi! Salimu! Hata siafu haiwezi pata mlango hapo!"

"Hata maji hayapiti, mama," ukamjibu, na ukanitazama mimi. Ulingoja niseme neno.

Nikasema, "Kimebana vizuri." Nikaingia ndani kuangalia maharagwe ambayo hayakuwa jikoni.

Niliyoyajua ni haya. Mwaka uliozaliwa wewe, baba yako alimchongea mama yangu kijisanduku cha kuwekea udi, chenye kifuniko cha kuteleza. Hapa Kitui kifuniko kiliteleza kama kimepakwa sabuni, na kilikaa sawasawa, huoni ufa. Tukakituma Mombasa na udi ndani yake. Jibu likaja kwa mdomo wa mjomba: mama amevuta, shangazi amevuta, wamemwita mpagazi naye amevuta, mwisho wamekipasua kwa mchi. Mama akasema, "Mkwe wangu ni mtu mwema, lakini sanduku lake ni bahili." Baba yako hakulala kwa aibu, ndipo baadaye tukaelewa. Mbao za huku zimezoea kiu. Zikifika pwani zinakunywa ile hewa yenye chumvi na maji, zinanenepa. Kinachobana Kitui hakifunguki Mombasa. Wewe hujawahi kufika kule, ungejuaje? Na mimi niliyezaliwa kule, niliyehadithiwa udi wa mama yangu ulivyookotwa pamoja na vibanzi, nikasema kimebana vizuri.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi, na lilikuwa jambo tamu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikisonga ugali naona: fundi amekaa kibarazani, amezungukwa na watu wake, anakivuta kisanduku. Hakiji. Anavuta tena. Anakurudishia bao na kukuambia, kijana, rudi ukajifunze. Nawe unarudi kwa gari la moshi, umenuna, una vumbi, na mimi nimeshakuwekea maji ya kuoga. Ungekasirika wiki, mwezi. Halafu jioni moja ungeketi upande ule. Sikukutakia mabaya. Nilikutakia kurudi, na sikuona njia nyingine ya kurudi ila hiyo.

Kilichonivunja si hofu ya dhambi. Jana Mama Mwende alikuja kuniomba mbegu za kunde, akaniona nimeketi tu. Akaniambia, "Mama Salimu, wewe unajua sisi Wakamba, mtoto akienda safari mama yake hasemi neno mbaya nyuma yake. Hata kwa roho. Hiyo neno inamfuata." Kisha akachukua mbegu zake akaenda. Hakujua anasema nini. Nilikaa nikiwaza kwamba mimi sikuwa nimesema neno lolote, na ndio ubaya wenyewe.

Leo mchana ulipokwenda kuwaaga watu msikitini, nililifungua gunia lako nikakitoa kisanduku. Kilikuwa kigumu kutoka hata hapa. Nilikiweka mapajani, na nakuambia nilikaa nacho muda mrefu, kwa sababu hata wakati ule sikuwa nimeamua. Nilikinusa. Kina harufu ya moshi wa jiko langu. Nikaleta kisu cha baba yako cha kukwangulia, nikakikwangua ubavu huu na ubavu huu na chini, nikakipiga msasa, nikajaribu, nikakwangua tena. Kazi ni kazi. Nilipomaliza kiliingia bila kushusha pumzi. Sasa kinacheza. Ukilitikisa bao, kinagonga.

Kwa nini sikukuambia kwa mdomo? Kwa sababu ungeniuliza nimejua tangu lini.

Barua hii nimeitia ndani ya kisanduku, juu ya kete. Nakujua, hutafika Mutomo kabla hujakivuta, na utaona kimelegea, na damu itakupanda kichwani. Una haki. Umekihangaikia mno, na mimi nimekikwangua mara moja kama mtu anayemenya muhogo. Lakini nakuomba, usikitie nta. Usikitie kitambaa. Pale ndani ya behewa pakiwa na mtu mjuaji wa kukushauri ukibane kwa karatasi, mpe muhogo ale anyamaze. Kikigonga njia nzima mpaka kwenye daraja la kuingilia kisiwani, kiache kigonge. Ukifika, liweke bao kibarazani siku chache lipigwe na hewa ya kule kabla hujamwonyesha fundi. Kitanenepa chenyewe, kitakaa mahali pake, na hakuna atakayejua kilikwanguliwa na nani.

Fundi atakivuta kwa kidole kimoja na kitakuja. Nimekilegeza kwa mkono wangu huu, Salimu, nikijua kwamba kikifunguka, hurudi.

Mama yako,
Zuhura